Chumvichumvi Niliyoipeleka Chebunyo

Mmekuwa mkiniuliza, wenzangu wa kambini na wa kwaya, kwa nini nilirudi kutoka likizo nimekonda, na kwa nini tangu hapo sitaki mtu anitanie habari za Chebunyo. Nimewajibu kila mara kwamba barabara ilikuwa mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini hiyo siyo sababu. Sasa nitawaeleza tangu mwanzo, kituo baada ya kituo. Wanaotaka kunicheka wanicheke mpaka Bomet, maana baada ya Bomet sidhani kama mtaweza.

Mnanijua. Mimi ni Ezekia, karani wa stoo, mtu wa Maragoli. Nimekaa katika mashamba haya ya chai miaka kumi na moja, tangu mwaka uliofuata uhuru. Mnaujua pia ugonjwa wangu: mtu akisema "kitabu yangu" mbele yangu, siwezi kumwacha aende zake bila kumsahihisha. Mwalimu wangu alinitia Kiswahili kwa fimbo, nami nimekuwa nikiwatia wengine kwa mdomo. Kikipsigis, lugha ya wenyeji wanaotuzunguka pande zote, najua maneno mawili: chamgei ya kusalimia na kongoi ya kushukuru. Miaka kumi na moja, maneno mawili. Zamani nilikuwa nalitaja jambo hilo huku nacheka.

Mogogosiek: kufunga mzigo

Wazee wa kambi mnamkumbuka arap Bett. Alifanya kazi nasi kwenye kitalu cha miche, mtu mpole, mrefu, aliyekuwa akizungumza na miche kama mtu anayewabembeleza watoto wale chakula. Baba yake alipofariki alirudi kwao Chebunyo kuangalia ng'ombe. Mwezi wa tatu alinitumia barua kwa mkono wa mtu. Aliandika kwamba mahindi yake yakifika magotini yanageuka manjano, na kama nitapata nafasi ya kumtembelea, nimbebee ile chumvichumvi kidogo ajaribu.

Chumvichumvi mnaijua, ile mbolea nyeupe tunayomwagia chai. Tunaiita hivyo kwa sababu punje zake ni za chumvi kabisa kwa macho, na hata ukiigusisha ulimi ina uchumvi wake. Stoo kwangu, magunia yakipasuka, inamwagika sakafuni, na hakuna anayeuliza habari za kilichomwagika. Nikaizoa kwa koleo, siku baada ya siku, mpaka ikafika nusu gunia. Sikuiba, nilijiambia, nimefagia tu.

Tatizo lilikuwa gunia. Magunia ya mbolea yana muhuri wa shamba, na askari wa getini angeniuliza maswali. Kwa hiyo nilikwenda kantini nikaomba gunia tupu la chumvi, lile lenye mstari mpana wa buluu ambalo kila duka kutoka hapa mpaka mpakani mwa Umasai linalijua. Nikahamishia mbolea yangu humo, nikalishona mdomo kwa sindano na kamba ya katani. Askari aliliangalia akasema, "Karani, unaenda kufungua duka?" Nikacheka naye. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Mpaka Kaplong, kwa lori la kuni

Nilipata nafasi kwenye lori la kuni lililokuwa limeshusha mzigo wake kiwandani. Dereva alikuwa Mkisii mnene, mcheshi, ambaye alikuwa anakula muwa kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. Nilikaa naye mbele, gunia miguuni. Njia nzima nilimwonyesha chai. Nilimwambia aangalie ile kijani, namna ilivyo sawasawa mlima mpaka mlima, hakuna jani la manjano hata moja.

"Hiyo si Mungu peke yake," nikamwambia. "Ni stoo."

"Na kuni yangu?" akauliza. "Chai inakauka na jua?"

"Kuni zangu," nikamsahihisha.

"Si zako, ni zangu," akasema, akacheka mpaka lori likaingia mtaroni.

Tulikwama pale kwa muda wa saa nne. Udongo mwekundu ulikuwa umeteremka kutoka kwenye mlima uliokatwa miti msimu uliopita, miti ile ile ya lori lile, ukaijaza barabara. Wanawake waliokuwa wakipita na mboga walitusaidia kusukuma, mmoja akatupa viazi vya kuchemsha, tukavila na matope mikononi. Dereva alisema kila mwaka udongo ule unateremka zaidi. Nilimjibu kwamba serikali ingefaa kulishughulikia jambo hilo. Kaplong tulifika jua limeshakuwa la jioni, nami bado nilikuwa na furaha.

Bomet: mbuzi wa mama hoteli

Bomet nililala kwa mama mmoja mwenye hoteli ya mabati, mahali pazuri, chai yake nzito na chapati zake za kuchambuka. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai wakati mama yule aliponiita kutoka nyuma.

"Karani, mbuzi yangu inakula chumvi yako."

Nilitoka. Mbuzi jike mweupe alikuwa amepata mshono wa gunia, anaulamba kwa bidii, macho yamefumba nusu.

"Mbuzi wangu anakula," nikamwambia. "Na hiyo si chumvi, mama. Ni chumvichumvi."

"Sasa tofauti ni nini?"

"Moja ya sufuria, moja ya udongo."

Alinitazama kama mtu anayesubiri maneno yaendelee. Mimi nilikuwa nimeridhika na jibu langu, nikarudi kwenye chai. Nilipokuwa naondoka nilimwona yule mbuzi amelala kando ya ukuta, ulimi nje, tumbo limemjaa. Nikajiambia ni joto. Wenzangu, Bomet asubuhi hakuna joto. Lakini gari lilikuwa linangoja, nami nilikuwa na safari yangu.

Sigor: mahubiri yangu

Kutoka Bomet kwenda Sigor nilipanda trekta la mtu aliyekuwa amebeba mabati ya kanisa. Nchi inabadilika kule. Chai inakwisha, baridi inakwisha, udongo unakuwa mweusi, miti ni ya miiba. Chepalungu, nchi ile tuliyokuwa tunaipita, ilikuwa msitu mzito zamani, wanasema. Niliona visiki vinavyofuka moshi na mahindi yamepandwa katikati yake, na kando ya barabara magunia ya makaa yamesimama yakisubiri mnunuzi.

Trekta lilisimama maji ya injini yapoe. Palikuwa na mama akipanga makaa yake, uso mweusi kwa vumbi. Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Nilimpa mahubiri. Nilimwambia kwamba mti ukikatwa mvua inahama, na mvua ikihama watoto wake watakula mawe. Nilimwambia sisi watu wa chai tunajua kutunza nchi, ndiyo maana kwetu ni kijani. Nilizungumza Kiswahili kizuri sana. Gunia la mstari wa buluu lilikuwa mapajani mwangu muda wote huo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Huko kwa chai kulikuwa na nini zamani?" akauliza.

"Zamani lini?"

"Kabla ya chai."

Palikuwa na msitu, na mimi najua palikuwa na msitu. Mwenye trekta alicheka kimya, akawasha injini. Sigor nilikula ugali na maharagwe kwenye kibanda kilicho karibu na fundi wa cherehani, Mluo mmoja anayeitwa Odera. Tulizungumza kidogo, kwa sababu wageni hutambuana. Alikuwa na miaka mitatu tu Sigor, lakini nilimsikia akibishana na wateja wake kwa Kikipsigis, haraka haraka, wakicheka pamoja. Nilimwambia yeye ana bahati, Waluo ulimi wao ni mwepesi. Alinijibu kwamba hakuna ulimi mwepesi, kuna kuuliza tu.

Chebunyo

Kutoka Sigor nilitembea, gunia likiwa juu ya punda wa mama mmoja aliyekuwa anarudi Chebunyo. Nilifika bomani kwa arap Bett saa tano mchana. Yeye hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto Amala, akitarajiwa kurudi siku ile ile au kesho yake. Nilimkuta mkewe, Mama Cherono, na mama yake arap Bett, ajuza ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo hakujua Kiswahili hata kidogo.

"Garibu, shemeji, garibu," Mama Cherono akasema. Aliniletea mursik, maziwa yale yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, na ugali mkubwa. Mursik siipendi. Nilikunywa nimefumba macho, nikasema tamu.

Kisha alilitazama gunia. Aliuona mstari wa buluu.

"Shemeji, umetupepea nini?" Alikuwa na maana ya kutubebea. Watu wa kule p na b ni kitu kimoja kwao.

"Umetubebea," nikasema. "Nimewaletea chumvichumvi."

Uso wake ulifunguka. Alimwita Kogo, akasema naye maneno mengi, na katikati nikasikia karani. Kogo alikuja akaushika mkono wangu, akautemea mate kidogo kama wazee wao wanavyobariki, akasema maneno marefu huku sauti inatetemeka. Nilimjibu kongoi. Wakacheka kwa furaha.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema, mtu nakumbuka ng'ombe ya rafiki yake, huyo si mgeni tena. Ni ndugu."

"Anayekumbuka ng'ombe wa rafiki yake," nikamsahihisha.

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo ninaposhtuka usiku nikiwa nimelala. Nililisikia neno ng'ombe. Nililisikia vizuri mpaka nikalirekebisha ngeli. Sikujiuliza ng'ombe wanahusiana nini na mbolea ya mahindi. Mama yule alikuwa ananiambia waziwazi anachokwenda kufanya, nami nikampa alama kwa sarufi yake.

Nilichoka kwa kutembea, nikajinyoosha kivulini nyuma ya ghala la mahindi, nikalala. Kumbe katika boma lile mgeni akileta chumvi ya ng'ombe haiwekwi. Inapelekwa siku hiyo hiyo, angali yupo, ili ng'ombe wapate baraka ya mkono wake. Mama Cherono aliwapeleka ng'ombe tisa kwenye silanga, lile bwawa dogo la kukusanya mvua linalonywesha majirani wote wa upande ule. Kando ya maji kuna mawe bapa, na ng'ombe wamezoea kulamba chumvi pale, kunywa, kulamba tena. Alimwaga gunia zima.

Niliamshwa na mlio wa ng'ombe. Sikuwahi kusikia ng'ombe akilia vile. Nilipofika silangani, mmoja alikuwa ameanguka, miguu inapiga hewa. Wengine walikuwa wanayumba, matumbo yamevimba, povu midomoni, ngozi inatetemeka yote. Kogo aliokota punje jiweni, akazionja, akatema. Alinigeukia akaniuliza kitu kwa sauti kubwa. Akaniuliza tena. Nilisimama nikimtazama mdomo.

"Shemeji," Mama Cherono akasema, "hii ni chumvi kani?"

"Ni ya mahindi," nikasema. "Ya kuweka chini ya mahindi."

Kogo alikwisha kutoa amri, na watu wakakimbia nyumbani kuleta vibuyu. Vilikuwa kumi na vinne, mursik ya wiki nyingi, chakula cha nyumba nzima. Kogo alijua kwamba ng'ombe aliyekula majani mabaya huokolewa na kitu kichachu, na akawa anawamiminia kooni mmoja baada ya mwingine. Mimi nilishika pembe. Mursik iliyomwagika ilinirukia usoni na kifuani, na nilikuwa na haya kwamba nilikuwa nimeisema tamu kwa uongo. Kabla jua halijashuka, wanne walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa na ndama wa wiki moja, ambaye aliendelea kumsukuma chuchu kwa pua. Watano walisimama.

Halafu mvua ikanyesha. Mbolea iliyobaki juu ya mawe, na ilikuwa nyingi, iliyeyuka ikateremka majini kwa michirizi myeupe. Niliiona kwa macho yangu. Mnajua nilifikiri nini? Nilimshukuru Mungu kwa kupasafisha.

Arap Bett alifika amelowa. Aliwatazama ng'ombe wake, akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Ezekia, hili gunia ulitoa wapi?"

"Kantini."

"Mama Cherono hajui kusoma," akasema polepole. "Lakini huo mstari anaujua."

Basi. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula.

Siku tisa

Ningeondoka kesho yake, lakini nilidhani kubaki kutaonyesha utu. Tai walikuja kwa mizoga. Siku ya tatu vyura walielea, matumbo juu. Siku ya nne vile visamaki vidogo vya matopeni. Siku ya tano niliamka nikaona maji yamegeuka rangi. Utando wa kijani ulikuwa umetanda kutoka ukingo mpaka ukingo, kijani kizuri, sawasawa, bila doa la manjano.

Arap Bett alichota kwa mkono, akaniletea niutazame. Alikuwa mtu wa kitalu, anajua.

"Hii imeshiba," akasema. "Umelisha majani ya maji."

Nilielewa, kwa kuwa ni kazi yangu kuelewa. Chakula cha jani hakichagui jani. Kikianguka kwenye chai, chai inakua, kikianguka majini, utando unakua. Na ule utando ulikua, ukafa, ukaoza, na katika kuoza ukamaliza pumzi yote ya maji. Silanga ikanuka. Korongo waliokuwa wakija asubuhi kula vyura hawakuja tena. Kwa kuwa hapakuwa na chura wala kisamaki wa kula viluwiluwi vya mbu, mbu wakawa wengi kupita kiasi, na watoto wa majirani wakaanza homa. Kila kitu kilikuwa kimeshikana na kingine, na mimi nilikuwa nimekata uzi mmoja. Nilikumbuka kijito kilicho chini ya stoo yetu, tunamosuuza magunia, ambacho kina utando huo huo miaka yote. Nilikuwa nadhani ndivyo vijito vilivyo.

Punda walikataa kunywa. Wanawake ilibidi waende mto Amala, wanatoka alfajiri wanarudi mchana. Nilikwenda nao, nikibeba debe begani kwa sababu sijui kubeba kichwani, na nusu yake ikimwagika njiani. Hakuna aliyenitukana. Ningepata nafuu kama wangenitukana. Nyumbani hapakuwa na mursik. Mama Cherono alinipa chai ya rangi na kuomba radhi.

Siku ya saba wakakaa kokwet, baraza la majirani, kwenye majani karibu na silanga. Niliketi kando ya arap Bett. Walizungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mimi sikushika neno. Arap Bett alisimama. Alizungumza muda mrefu, akaonyesha gunia, akajipiga kifuani. Watu walinitazama, kisha wakatazama pembeni. Nilidhani ananitetea na kwamba wamenisamehe. Mwishoni nilisimama, nikavua kofia, nikasema kongoi kwa sauti ya kusikika. Baadhi yao waliinamisha vichwa. Arap Bett alinivuta nguo nikae.

"Wamesemaje?" nikamwuliza tukirudi.

"Imekwisha," akasema. "Maneno ya nyumbani tu."

Sikumwuliza tena. Ilinifaa kuamini.

Sigor tena

Siku ya tisa arap Bett alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba lake. Nilifika Sigor mchana, nikaketi kwa Odera, fundi wa cherehani, kusubiri lori la mahindi linalokwenda Bomet. Alikuwa anashona suruali. Alinitazama viatu vyangu vilivyopasuka.

"Nimesikia habari ya silanga," akasema. "Wanawake wamesema hapa sokoni. Pole."

"Wamenisamehe," nikamwambia. "Kokwet imekwisha vizuri."

Odera aliacha kukanyaga cherehani.

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo na hukusikia?" Alishusha sauti. "Ndugu yangu, yule rafiki yako alisema ni yeye aliagiza hiyo kitu. Alisema aliandika barua vibaya, na mgeni hana makosa, alibeba tu kile aliambiwa. Wakasema basi, achimbe silanga ingine, na mkono yake mwenyewe. Hakuna mtu wa kumsaidia, isipokuwa yule alikosa pamoja na yeye."

"Na aliyekosa pamoja naye ni nani?"

"Walimwuliza hivyo hivyo. Alisema hakuna." Odera alinitazama. "Wewe ulisema nini?"

"Nilisema kongoi."

Hakucheka. Aliinamia suruali yake, lakini mguu haukukanyaga.

Lori lilikuja wakati ule ule, likapiga honi. Nilikuwa na siku tatu za likizo zimebaki. Chebunyo ilikuwa nyuma yangu mwendo wa asubuhi moja, na jembe halihitaji Kikipsigis. Ningeweza kurudi nikasimama mbele ya watu wale, nikaonyesha gunia, nikajipiga kifuani, wangeelewa bila neno. Ninaweza kuwaambia kwamba viatu vilikuwa vimekufa, au kwamba stoo ilikuwa inaningoja. Ukweli ni kwamba niliogopa nyuso zao. Nilipanda lori. Odera alinyoosha mkono nikadhani ananiaga, kumbe alikuwa ananyoosha uzi.

Mogogosiek tena

Hayo yote ningeyanyamazia, na ningeendelea kuwaambia habari za barabara. Lakini Jumatatu iliyopita, miezi mitano tangu nirudi, walikuja watu wa kuandikwa kazi ya kuchuma, na karani wa ofisi alikuwa mgonjwa, nikakaa mimi dirishani. Mmoja alikuwa kijana wa Kikipsigis, mikono imekomaa.

"Nyumbani ni wapi?" nikamwuliza.

"Kapkarani."

Kalamu ilisimama. Kap ni kwa: kwa karani. Hilo ni neno la tatu la Kikipsigis ninalolijua.

"Sijawahi kusikia," nikasema. "Ni upande gani?"

"Chepunyo. Ni mpya hiyo jina. Ni pale silanga ilikufa. Sasa watu naita hivyo tu, hata watoto." Aliegemea dirisha, akifurahi kuulizwa habari za kwao. "Kuna mtu moja nachimba ingine, peke yake. Asubuhi nachimba, jioni nachunga. Ukisimama kwa barabara sasa unaona kofia yake tu. Lakini mvua imekataa, na chini kuna jiwe."

Maneno yake yalikuwa na makosa mengi, na sikusahihisha hata moja. Niliandika jina lile kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, herufi moja moja.

"Wewe karani, umewahi kufika huko?" akauliza.

Nikamwambia sijafika, nikamwita anayefuata.